Mzee Anangisye Atoa Mji

Asubuhi ya Makwale ilianza na jogoo, halafu ufagio, halafu kikohozi cha mzee Anangisye.

Mzee hakuwa mgonjwa. Alikohoa kwa sababu ya mkwe wake. Kijana wake Oscar alimwoa Lusungu, binti wa Kasumulu, kule mpakani. Mila ya Kinyakyusa, kama tulivyoachiwa, inasema mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hawasemezani. Akimwona njiani, anapinda na kuingia migombani mpaka mzee apite. Nyumba nyingi siku hizi zimeacha. Nyumba ya mzee Anangisye ilikuwa bado inashika. Kwa hiyo mzee akitaka kuingia uani, alisimama nje akakohoa mara mbili. Lusungu alijifunika kanga kichwani, akaingia jikoni, nyuma ya ukuta wa matete. Ndipo mzee alipopita.

Mila hiyo haina shida kwa mtu mtulivu. Mzee Anangisye hakuwa mtulivu. Aliingia kuchukua jembe, akatoka. Alirudi kuchukua kofia, akatoka. Alirudi kuona kama jembe la pili lipo mahali pake. Kila akirudi alikohoa, na kila akikohoa Lusungu aliinuka. Mwaka ule Lusungu alikuwa mjamzito.

"Mama," alimwambia Rut, mama mkwe wake, "nimeinuka mara kumi na moja, na chai bado haijachemka."

"Vumilia, mwanangu," alisema Rut. "Mimi nimevumilia miaka thelathini. Huyu hata akilala, miguu inatembea."

Mzee Anangisye alikuwa na udhaifu mwingine. Nikutegee kitendawili, mjukuu wangu unayesoma. Kitendawili: ni kidogo kama punje ya ulezi, lakini kinaziba masikio mawili. Umeshindwa? Basi nipe mji, ndiyo kanuni yake. Umenipa Tukuyu? Haya, nimekwenda Tukuyu, nimekula viazi, nimerudi. Jibu lake ni neno "najua."

Mzee Anangisye alipenda neno hilo kuliko sukari. Ukimwambia mvua inakuja, alisema najua. Ukimwambia shati lake limegeuka nje ndani, alisema najua, halafu anatembea nalo hivyo hivyo mpaka jioni ili usidhani hakujua.

Na Rut naye alikuwa na lake. Habari zake zote zilianzia mbali. Ukimwuliza chumvi iko wapi, alianza na siku aliyoinunua.

"Baba Oscar," alisema siku moja, "unaikumbuka ile kamba tuliyonunua siku tuliyokwenda kumwona Naomi alipojifungua, ile siku daraja lilikuwa limejaa maji..."

"Najua," alisema mzee. Akachukua kamba akamfunga mbuzi, akaenda zake.

Rut alitaka kusema kwamba kamba imeoza katikati. Mbuzi alijua hilo kabla ya mzee. Aliikata, akaingia shambani kwa jirani yao Zebedayo, akala mistari miwili ya maharage. Zebedayo akaja analalamika, na mzee akamwambia, "Najua."

Hayo yalikuwa madogo. Watu waliyacheka yakapita. Jambo la paa halikuwa dogo.

Nyumba yao iliezekwa kwa nyasi, na nyasi zilikuwa zimeoza. Masika yaliyopita Rut alitega mabeseni manne sebuleni, matatu chumbani, na sufuria moja juu ya kitanda. Huku kwetu mvua ikianza haina haya. Inatoka ziwani, inagonga milima, inarudi tena.

"Mtoto wa Lusungu atazaliwa mwezi wa tatu," alisema Rut. "Mwezi wa tatu ni katikati ya mvua. Tutamlaza wapi? Ndani ya beseni?"

"Najua. Kakao ya mwaka huu ni bati."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Najua."

"Na mwaka juzi. Sasa ni miaka sita, baba Oscar. Bati zako nimeshazizoea. Zinavuja kama nyasi."

Mzee aliinuka, akatoka. Maneno hayo yalimchoma. Alitaka bati kweli. Oscar mwenyewe alikuwa safarini, anavusha mchele kwenda Karonga, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na vitenge, na faida yake ililiwa barabarani. Paa lilitegemea kakao ya mzee.

Miaka ile biashara ya kakao ilikuwa imebadilika. Zamani tulipeleka mahali pamoja tu, kwenye chama cha ushirika. Unapima, unangoja malipo. Sasa serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi wengine. Kule mjini Kyela, mtaa wa Mbugani, maghala yalifunguliwa moja baada ya jingine, na ukiuza unalipwa siku hiyo hiyo. Watu wakafurahi. Lakini wanunuzi hawa wapya walikuja na mzani na kisu. Mzani tuliufahamu. Kisu hatukukijali.

Mwezi wa kumi na moja mzee Anangisye alichuma kakao yake. Alipasua matunda, akatoa punje zenye ute mweupe mtamu. Alizirundika juu ya majani ya mgomba, akazifunika kwa majani mengine. Huko ndiko kuvundika. Kakao inavundikwa kama ndizi. Inakaa gizani, inapata joto, inaiva ndani. Bila hivyo ni chungu tu.

Alipomaliza kufunika, alinawa mikono. Kabla maji hayajakauka mikononi, alirudi akafunua jani moja, akachungulia.

"Unaangalia nini?" Rut alimwuliza.

"Kama imeanza."

"Umefunika sasa hivi."

"Najua."

Alichungulia mchana. Alichungulia jioni. Kesho yake alichungulia kabla ya kupiga mswaki. Mara nyingine aliingiza mkono mpaka kiwiko, akautoa, akaunusa, akasimama, akaondoka, akarudi. Na kila akipita uani alikohoa, na Lusungu aliinuka na tumbo lake.

Siku ya tatu alikuja Zebedayo. Naye alikuwa na udhaifu wake. Habari ikikaa kwake usiku mmoja, asubuhi imezaa watoto. Alikuwa amesikia kwamba ghala moja la Mbugani litafungwa Jumamosi, kwa sababu mwenye ghala anaoa.

"Ugonile, Anangisye," alisema. "Umesikia? Wanunuzi wanaondoka. Wote. Jumamosi ijayo wanafunga."

"Najua," alisema mzee, ingawa ndiyo kwanza anasikia. Akaenda moja kwa moja kwenye rundo, akaanza kutupa majani pembeni.

Jikoni, Lusungu alimshika Rut mkono. "Mama, mwambie baba asifunue. Bado siku tatu. Nilifanya kazi ghalani Mbugani misimu miwili, najua wanachotafuta kwa kile kisu."

Rut alitoka mbio. Lakini mdomo una njia yake, na mdomo wa Rut ulikuwa na njia ndefu.

"Baba Oscar, ngoja. Unajua Lusungu, kabla hatujapeleka mahari, ule mwaka wa ndizi nyingi, alikuwa anakaa kwa shangazi yake Angetile, yule mwenye mwanya..."

"Najua," alisema mzee, na majani yote yakawa pembeni.

Alianika kakao chini, juu ya maturubai mawili ya kuazima. Alikesha akiwaza Jumamosi. Ilipokauka nje, aliitia kwenye magunia, akafunga juu ya baiskeli, akasukuma mpaka Mbugani.

Maghala yote yalikuwa wazi. Hakuna aliyeondoka.

Ghalani alimkuta dada mmoja, Jubilate, amekaa kwenye kiti kifupi na kisu kidogo kama cha kumenyea machungwa. Jubilate aliingiza mkono ndani ya gunia, akachagua punje kumi. Akazikata moja moja katikati, akazipanga kwenye kiganja.

"Mzee, angalia. Ndani ni zambarau. Imeshikana kama sabuni. Hii haikuvundikwa ikaiva."

"Najua," alisema mzee.

Jubilate alimtazama. "Kama unajua, umeileta ya nini?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mzee alifunga magunia yake, akasukuma baiskeli mpaka ghala la pili. Kisu kilikuwa kile kile. Ghala la tatu vilevile. Mwisho mtu mmoja wa barabarani aliinunua yote kwa bei ya kumhurumia. Mzee alipotoka dukani hakuwa na bati hata moja. Alikuwa na mfuko wa misumari ya bati.

Rut aliupokea. Akaupima mkononi.

"Misumari," alisema.

"Najua," alisema mzee, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Rut aliutundika mfuko ule ukutani, juu ya kitanda, mahali ambapo mzee angeuona kila akifumbua macho.

Wiki zilizofuata mzee hakutulia kabisa. Alitaka kumwuliza mtu, na hakutaka mtu ajue kwamba ameuliza. Alikwenda kwa Zebedayo, akazungukazunguka.

"Wewe, Zebedayo, nasikia kuna watu hawajui kuvundika kakao."

"Wapo?"

"Wapo. Mtu kama huyo ungemwambiaje?"

"Ningemwambia amwulize Anangisye," alisema Zebedayo. "Si unajua kila kitu?"

Mzee akarudi nyumbani, akakohoa mara mbili, akatoka tena.

Mwezi wa kwanza miti ilibaki na matunda ya mwisho. Yalikuwa mengi, yameiva manjano. Baada ya hapo hakuna tena mpaka msimu mwingine, na kabla ya msimu mwingine kuna mvua, na kabla ya mvua kwisha kuna mtoto. Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo. Hata mbuzi, nadhani.

Siku ya kupasua walikaa pande mbili za ukuta wa matete. Mzee alikuwa uani na kigongo chake. Kakao inapasuliwa kwa kigongo, si kwa panga, ili punje zisikatwe. Rut na Lusungu walikuwa ndani ya jikoni, wanatoa punje na kuzitia kwenye ndoo. Kazi hiyo ni ndefu. Watu huifupisha kwa nyimbo au vitendawili. Lusungu alikuwa amewaza jambo tangu alfajiri.

"Mama," alisema, kwa sauti inayovuka ukuta. "Kitendawili."

"Tega," alisema Rut.

"Nyumba yangu haina jiko wala kuni, lakini waliomo wanapika siku sita. Ukichungulia, chakula kinabaki kibichi."

Upande wa pili kigongo kilinyamaza. Mzee Anangisye alipenda vitendawili tangu utoto. Na neno "najua" halifanyi kazi kwenye kitendawili. Lazima utoe jibu.

"Mama Oscar," alisema, kwa sababu hakuweza kumsemesha mkwe, "hilo ni yai. Kuku analalia."

"Lusungu, baba anasema yai."

"Mama, yai linakaa siku ishirini na moja. Si yai."

Kigongo kikapiga mara tatu, kikanyamaza tena.

"Basi ni pombe kwenye mtungi."

"Si pombe," alisema Lusungu. "Wapika pombe wanachungulia mpaka wanalewa kabla haijaiva."

Rut alicheka mpaka punje zikamwagika. Mzee hakucheka. Aliinuka, akaenda migombani, akasimama huko. Akarudi.

"Ndizi zilizovundikwa shimoni."

"Anakaribia, mama, lakini si ndizi."

"Kaburi," alisema mzee.

"Baba Oscar, kaburini wanapika nini?" aliuliza Rut.

Mzee alipasua matunda mawili bila kuyaangalia. Alikwenda mpaka barabarani. Akarudi. Kitendawili kilikuwa kimemwingia mwilini kama siafu kwenye suruali.

"Toa mji," alisema Rut.

"Mimi sijawahi kutoa mji."

"Toa mji, au kitendawili kibaki kwake. Ndiyo kanuni."

Mzee aliketi. Akainuka. Akaketi tena.

"Haya. Mpe Ngonga."

"Mama, Ngonga kuna maji mengi wakati huu," alisema Lusungu. "Nami nina tumbo. Nipewe mji mkavu."

"Anaukataa Ngonga, baba Oscar."

"Watu wa siku hizi wanachagua," alisema mzee. "Mpe Kyela. Yote. Na soko lake."

"Umeshindwa, basi?"

Nzi walitua kwenye ute wa kakao mikononi mwake. Neno lile lilikuwa jipya kinywani.

"Nimeshindwa. Sijui."

Rut aliacha alichokuwa akifanya. Kwa miaka thelathini hakuwahi kulisikia. Alitaka kusema kitu, na kitu hicho kingeanzia siku ya harusi yao. Akajizuia.

"Haya, Lusungu. Umepewa Kyela. Nenda."

Unajua kanuni ya mji, mjukuu wangu. Aliyepewa mji husafiri. Husimulia alivyokwenda, alivyoona na alivyorudi, ndipo atoe jibu. Na anaposimulia, hakatizwi.

"Nimekwenda Kyela," alisema Lusungu. "Nimefika Mbugani, kwa shangazi yangu Angetile, anayechambua kakao ghalani."

"Naj..." alianza mzee.

"Baba Oscar," alisema Rut. "Yuko safarini."

Mzee akafunga mdomo.

"Shangazi akanipeleka shamba moja. Nikakuta nyumba ya majani ya mgomba. Sakafu yake ni majani, yametobolewa matundu ili maji yachuruzike. Ndani wamelala watu weupe, wengi, wamebanana. Wakiwa wachache hawapati joto. Juu wamefunikwa majani mengine mazito, na magogo juu yake, upepo usiyaondoe. Siku ya kwanza walikuwa baridi. Siku ya pili wakaanza kutoa jasho. Siku mbili zilipokwisha, mwenye nyumba akafungua mara moja tu. Akawageuza, wa chini wakawa juu, wa pembeni wakawa katikati, akafunika haraka. Siku mbili nyingine akageuza tena. Hakufungua katikati. Siku ya sita nikasikia harufu kali kama siki. Akafungua. Wale watu weupe wamekuwa kahawia, wamevimba vizuri. Akawatoa juani, juu ya kichanja chenye mkeka, si chini kwenye vumbi na kuku."

Mzee alikuwa ametulia. Hata mguu haukutikisika.

"Jirani yake naye alikuwa na nyumba kama hiyo," Lusungu aliendelea, polepole sasa. "Huyo alichungulia asubuhi, mchana na jioni. Kila akichungulia, joto lilitoka. Siku ya tatu akachoka kungoja, akawatoa. Nje walikauka. Kisu kilipopita, ndani wakawa zambarau. Nimerudi kutoka Kyela. Jibu ni kakao."

Nyuma ya nyumba kuku alitaga, akatangaza.

"Mama Oscar," alisema mzee. "Mwulize. Huyo jirani alikuwa mtu wa wapi?"

"Lusungu, baba anauliza jirani alikuwa wa wapi."

"Mwambie baba sikumwuliza. Nilikuwa mgeni kule."

Mzee alitazama ukuta wa matete. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Mwulize tena. Kwenye kichanja inakaa siku ngapi?"

Rut hakuwa na haja ya kurudia, maana wote walisikia. Alirudia, kwa raha yake tu. "Baba anauliza inakaa siku ngapi."

"Jua likiwa zuri, wiki moja. Igeuzwe mara kwa mara. Wingu likija, iingizwe ndani. Ikikauka sawasawa, ukiibana mkononi inalia."

"Ndaga fijo," alisema mzee. Hakusema alikuwa akimshukuru nani.

Mzee na Rut waliirundika mchana ule ule. Walitoboa majani ya chini, wakafunika juu, wakaweka magogo. Halafu zikaja siku sita.

Siku sita ni nyingi kwa mtu wa namna ile. Siku ya kwanza alilizunguka rundo, mikono nyuma mgongoni. Rut alimwonea huruma.

"Hatuna kichanja," alimwambia. Hakuongeza kitu. Ilikuwa habari fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Mzee akachukua panga, akaenda kukata miti. Alichimba mashimo, akasimamisha nguzo, akafunga fito, akazifungua, akafunga upya. Hakuingia uani ovyo. Kikohozi kilipungua. Lusungu aliweza kukaa na kunywa chai mpaka chini ya kikombe.

Siku mbili zilipokwisha waligeuza. Mvuke ulipanda, moto, mpaka Rut akarudisha uso nyuma. Wakafunika.

Siku ya tatu akaja Zebedayo.

"Anangisye, safari hii ni kweli. Wanunuzi wamepakia malori. Nimeambiwa na mtu aliyeambiwa na dereva. Anika leo, rafiki yangu. Kesho hukuti mtu."

Mzee aliuacha ufito chini. Akatembea mpaka kwenye rundo. Mkono wa kulia ukashika jani la juu. Aliuona ule mfuko wa misumari, ingawa ulikuwa ndani ukutani. Alimwona Jubilate na foleni inayocheka. Na aliyaona malori pia, yanaondoka, yanapanda mlima, mtoto analala ndani ya beseni. Mkono wa kushoto ukaja polepole, ukaushika ule wa kulia, ukautoa.

"Zebedayo," alisema. "Hao wanunuzi umewaona kwa macho yako?"

Zebedayo alikuna shingo. "Kwa macho yangu, hapana."

"Nami sijui kama wanaondoka. Lakini kakao bado siku tatu. Kamata upande huu wa ufito, tufunge."

Zebedayo akakamata. Hakuwa amekuja kufanya kazi, ila alikuwa amekwisha kushika.

Jioni ile mzee alikohoa mara mbili, akasimama nje ya uzio. "Mama Oscar, mwulize. Jani la juu lina joto mpaka mkono unataka kukimbia. Ni sawa?"

"Lusungu, ni sawa?"

"Ni sawa, mama. Mwambie baba likiwa baridi ndiyo atishike."

Siku ya nne waligeuza tena. Siku ya sita harufu ya siki ilifika mpaka barabarani. Walifunua. Punje zilikuwa kahawia. Zilikaa kichanjani siku nane, maana siku mbili kulikuwa na mawingu, na mara mbili walikimbia na mikeka kuingia ndani, Rut mbele, mzee nyuma, na Lusungu amejificha mlangoni akielekeza kwa kumnong'oneza mama mkwe wake. Mwisho mzee alibana punje kiganjani. Zililia kama majani makavu.

Mbugani malori yalikuwepo. Yalikuwa yakipakia na kurudi, kama kila wiki. Jubilate alikuwa kwenye kiti chake. Alimtambua mzee, akatabasamu kidogo, akaingiza mkono ndani ya gunia.

Alikata punje ya kwanza. Mzee alitazama viatu vyake. Akakata ya pili, ya tatu, mpaka kumi.

"Mzee, angalia."

Mzee aliangalia. Ndani ni kahawia, na mipasuko midogo kama tope la jaruba la mpunga lililokauka.

"Hii ndiyo tunayoitaka," alisema Jubilate. "Ile ya kwanza si uliniambia unajua? Sasa hii umefanyaje?"

Watu kwenye foleni walisogea wasikie. Neno lake la zamani lilimjia mzee mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Ile sikujua," alisema. "Hii nimefundishwa na mke wa mwanangu. Nilimtolea mji."

"Ulimtolea nini?"

"Mji. Huu hapa. Na soko lake."

Jubilate hakuelewa, lakini aliita mtu wa mzani.

Bati zilifika Makwale juu ya mkokoteni, zinapiga kelele njia nzima. Oscar alirudi kutoka Karonga, akapanda juu na nyundo. "Baba, na misumari?" aliuliza.

"Misumari ipo," alisema Rut kabla mzee hajafungua mdomo. Akaingia ndani, akautoa mfuko ukutani.

Mtoto alizaliwa wiki ya pili ya mwezi wa tatu. Wakamwita Eliya. Alilala kitandani, mahali penye sufuria zamani. Mabeseni yalirudi kwenye kazi ya kufulia.

Alasiri moja mvua ile isiyo na haya ilifika kutoka ziwani. Mzee Anangisye alitoka shambani anakimbia. Alifika kwenye uzio, akakohoa mara mbili. Hakuna aliyesikia, maana bati zilinguruma kama mto Mbaka. Akakohoa tena. Halafu akaacha, akasimama chini ya upenu wa banda la mbuzi, akangoja. Lusungu alikuwa uani kwenye baraza, ananyonyesha. Mzee aligeuza uso pembeni na hakuhama mpaka mtoto aliposhiba na mama yake akaingia ndani.

Rut akamwona, akamwita kwa mkono. Wakaketi barazani. Rut alisogeza mdomo, akasema neno refu. Mvua ikalimeza.

"Eti?" alisema mzee.

Rut akasema tena.

"Sijasikia," alisema mzee. Akasogeza kigoda mpaka magoti yakagusana. "Anza upya, mama Oscar. Anzia kule kule mbali."

Rut alimtazama kuona kama anamcheka. Hakuwa anamcheka. Basi akaanza. Akaanza na siku ile walipokwenda kumwona Naomi, na daraja lilivyojaa maji, na duka walilopitia, na kamba waliyonunua, na mwenye duka alivyowapunja kipimo. Mzee alisikiliza yote. Mguu mmoja ulitaka kuondoka, akauwekea mkono juu ya goti. Na mwisho wa habari, kule mwishoni kabisa, ambako hakuwahi kufika hata mara moja, kulikuwa na mbuzi. Kamba ile, waliyoiunga, ilikuwa imeoza tena katikati.

Mzee Anangisye akainuka, akavaa kofia, akachukua kamba mpya. Alimkuta mbuzi ameanza kunusa maharage ya Zebedayo, hajang'ata hata jani.